Haki ya Mpika Gongo

Wako wasomi wetu ambao, wakiwekewa mezani chupa ya bourbon kutoka Marekani, huisoma karatasi yake kwa heshima kama wasomavyo hati ya kale. Karatasi hiyo huwaambia kwamba kinywaji kimechanganywa kutoka mapipa machache tu, na kwamba ukoo fulani umekitengeneza tangu babu hata mjukuu. Lakini wakisikia kwamba mama wa kijiji cha Dodoma amekamatwa na mtungi wa gongo, wasomi hao hao husema, "Sheria ifuate mkondo wake." Ndio ninaowapinga hapa.

Bourbon ni nini? Ni pombe ya nafaka, ambayo kwa sheria ya Marekani yapasa asilimia 51 ya nafaka hiyo, au zaidi, iwe mahindi, kisha ilazwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Ufundi huo twausifu. Lakini maneno "mapipa machache" hayana kipimo katika sheria yao. Kiwanda chaweza kuchanganya mapipa kumi au mia, kikaandika vilevile. Na gongo ni nini? Ni pombe iliyochachuka, ikachemshwa, mvuke wake ukapitishwa katika bomba lililopozwa kwa maji, ukatona. Moto ni uleule na mvuke ni uleule. Kilichobaki ni pipa, kipimo na leseni. Na leseni haichumwi mtini, hutolewa na serikali.

Lugha yenyewe yashuhudia dhuluma hii. Kinywaji cha kiwandani kilipewa jina la konyagi, lililotokana na Cognac ya Ufaransa. Cha nyumbani kikaitwa gongo, moshi, machozi ya simba. Jina la kwanza hukaa dukani. La pili huitwa mahakamani, na sheria ya mwaka 1966, yenye jina hilohilo la moshi, imetumika kuwashtaki watu wengi.

Watajibu kwamba gongo huua. Kweli huua, wala si jambo la kufichwa. Huua kwa methanoli inayotiwa na walanguzi, na kwa vyombo vibovu vilivyolehemiwa kwa risasi. Lakini mpikaji ataipeleka wapi ipimwe, ikiwa kuonekana nayo tu ni kukamatwa? Sheria iliyomfukuza mtu gizani haina haki ya kumlaumu kwa kutoona.

Watatutajia Kenya pia, iliyohalalisha chang'aa kwa sheria ya mwaka 2010, na bado mwezi Mei 2014 makumi ya watu wakafa kwa pombe yenye methanoli. Naam, lakini sheria ile ilimtaka mpikaji awe na chupa, lebo na leseni mfano wa kiwanda. Mlango ulifunguliwa ghorofani, ngazi isiwekwe. Uganda nayo, mwaka 1965, iliwataka wapikaji wa enguli wawe na leseni, na wakiuzie kiwanda kilichotengeneza waragi. Katika nchi zote mbili sheria ilikitazama kiwanda, ikaisahau nyumba.

Sisi wa uwanda wa kati tuna hoja kubwa zaidi. Cognac ya kweli ni mvinyo wa zabibu uliochemshwa, na huko Ufaransa wako wakulima wanaouchemsha wenyewe mashambani mwao. Dodoma ina zabibu, nazo huvunwa mara mbili kwa mwaka: Hombolo, Mpunguzi, Bihawana. Kiwanda cha umma, DOWICO, kilikufa, na mara nyingi wakulima wameona mazao yao yakioza kwa kukosa mnunuzi. Tumelichukua jina la zabibu tukakipa kinywaji cha miwa, na mwenye zabibu tumemkataza moto!

Bunge lakaa Dodoma, si mbali na mashamba hayo. Na litunge leseni ndogo ya ukoo, ada yake iwe ya kulipika. Sampuli zipimwe papa hapa Dodoma, ambako kituo cha utafiti cha Makutupora kinaishughulikia zabibu tayari. Atiaye sumu aadhibiwe vikali, na apikaye kwa uaminifu aandike jina la ukoo wake juu ya chupa, kama waandikavyo wale tunaowasifu. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tumekwisha kumnyonga. Haki yake bado.