Mwenye Duara ni Mwajiri

Sheria ya fidia waliyotuachia wakoloni, iliyowahusu wafanyakazi wa machimbo ya risasi ya Mpanda, iliendelea kutumika miaka mingi baada ya Uhuru. Kikomo chake kwa mfanyakazi aliyelemaa kabisa kilikuwa shilingi 108,000. Hiyo haikuwa fidia, ilikuwa dhihaka. Bunge liliiondoa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na tangu Julai 2015 waajiri huchangia Mfuko. Leo aliyelemaa kabisa hulipwa kila mwezi asilimia 70 ya mshahara wake.

Lakini mshahara wa nani? Katika machimbo madogo ya dhahabu mkoani Katavi wako vijana wanaoshuka katika maduara pasipo mshahara. Malipo yao ni viroba vya mawe, kwa mgao. Siku ya mavuno mwenye duara huwaita wenzake. Siku kifusi kikiporomoka huwaita wageni. Basi mwajiri hayupo, mchango haupo, wala hapana wa kuripoti ajali. Na madai yana ukomo wa miezi 12, ambayo huisha upesi kwa mtu aliyevunjika mgongo.

Sisi twasema: anayempangia mwenzake saa ya kushuka na saa ya kupanda ni mwajiri, ajapokuwa hakuandika karatasi. Twaitaka Tume ya Madini isihuishe leseni ya mtu yeyote mpaka aonyeshe orodha ya wanaoshuka shimoni mwake, pamoja na stakabadhi za Mfuko.