Chuo Tunawachagulia Vijana, Mji Tunamwachia Shetani

 

Ndugu Waislamu, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, nyumba zetu huingia katika shughuli ya kuchagua chuo. Mzazi huuliza ada na mkopo. Kijana huuliza ni kozi ipi yenye ajira. Maswali hayo ni ya haki. Lakini chuo kiko ndani ya mji, na kijana wa miaka 20 atakaa katika mji huo miaka 3 au zaidi. Huenda akapata kazi huko huko, na huko huko moyo wake ukampenda mtu. Basi anayechagua chuo amechagua mambo matatu kwa mara moja: elimu, riziki na ndoa. La kwanza tunalijadili. La pili tunaliombea dua. La tatu tunalionea haya, nalo Shetani halionei haya hata kidogo.

Matokeo yake tunayajua sote. Binti aliyelelewa katika stara anapanga chumba katika mtaa asiomjua mtu. Mwezi wa pili kodi inamshinda. Anajitokeza wa kumlipia, na si kwa ajili ya Allah. Kijana wa kiume naye anaishi kinyumba na mwanafunzi mwenziwe, na wote wawili wanasali Ijumaa msikiti mmoja. Mzazi akipata habari hulia na kusema: "Mji umemharibu mwanangu." La hasha! Mji haukumwita. Tulimpeleka sisi, tena bila ya mwenyeji.

MADINA ILIANDALIWA

Wapo wanaohitimisha kwamba dawa ni kuwazuia vijana wasiende mijini. Hawa wameisahau Hijra. Yathrib haikuwa mji wa malaika. Miaka michache kabla ya Hijra, Aus na Khazraj walikuwa wakiuana katika vita vya Bu'ath. Lakini kabla Mtume (S.A.W.) hajahamia huko mwaka 622, alimtanguliza Mus'ab bin Umair awafundishe watu Qur'ani, na ahadi ikafungwa Aqaba pamoja na watakaowapokea wahajiri. Mji uliandaliwa, kisha watu wakahama.

Na walipofika walipokewa vipi? Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alimfungamanisha kwa udugu Abdurrahman bin Auf, aliyetoka Makka, na Saad bin Rabii, mwenyeji wa Madina. Saad alijitolea kumgawia nusu ya mali yake, na hata kumwacha mmoja wa wake zake ili mgeni apate kuoa. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akafanya biashara ya samli na jibini. Hazikupita siku nyingi, Mtume (S.A.W.) akamwona ana athari ya manukato ya arusi, akamuuliza. Alikuwa amemwoa mwanamke wa Kiansari kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Akaelekezwa afanye walima, hata kwa kondoo mmoja.

Zingatieni. Mhamiaji huyu alipata mwenyeji, soko na mke, na yote hayo yalipitia mikononi mwa jamii ya Waislamu. Mwenyeji wake hakuona aibu kumfikiria ndoa tangu alipowasili. Leo kijana anahamia Dar es Salaam au Dodoma, anasali katika msikiti mmoja mwaka mzima, na hakuna aliyemuuliza jina lake.

WENYE NUSU YA SHARIA

Kuna mzazi anayesema: "Soma kwanza, ndoa baadaye." Tunamuuliza: baadaye lini? Amalize shahada, kisha atafute kazi, kisha ajenge, kisha alipe mahari ya mamilioni na gharama za ukumbi? Aya ya 32 ya Suratun-Nur imeamrisha waozwe wasio na wenza, na Allah (S.W.) ameahidi kuwatajirisha kwa fadhila Zake wakiwa mafukara. Mzazi amefunga mlango wa halali kwa kufuli, kisha anashangaa kijana kupita dirishani.

Kuna mwingine anayemzuia binti asiende kusoma kwa hoja ya mahram, lakini kaka yake anaachwa aende popote bila kuulizwa lolote. Suala la safari ya mwanamke wanazuoni wamelieleza kwa kirefu, na kila mzazi amuulize mwanachuoni wake. Lakini zinaa imeharamishwa kwa wote wawili. Anayemchunga binti peke yake ameshika nusu ya sharia.

Na kuna anayedhani jina la chuo linatosha. Tunamshukuru Allah (S.W.) kwa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005 pale Msamvu, kwa Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na kwa kile cha Mbale, Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988. Hizo ni neema. Lakini maandishi ya langoni hayamlindi mwanafunzi anayelala mtaani, na Mwislamu aliyepata Chuo Kikuu cha Dodoma au cha Dar es Salaam akakuta jamii imara huenda akasalimika kuliko aliyepelekwa kwenye jina zuri na kusahauliwa.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, mzazi na mwana wakae pamoja kabla ya kujaza maombi ya chuo, waulize: atalala kwa nani? Msikiti ulio karibu una darsa? Nani wetu yuko huko? Kazi ya fani hiyo iko mji gani? Na akimpata mchumba, nani atakwenda kuposa au kupokea posa? Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inaunganisha Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Mzazi wa Dar es Salaam hana tena udhuru wa kutomtembelea mwanawe hata mara moja kwa muhula.

Pili, msikiti anakotoka kijana umwandikie barua imamu wa anakokwenda. Tunaandika barua za kuomba marumaru na mazulia. Je, mtu ni duni kuliko zulia?

Tatu, kila msikiti ulio karibu na chuo uwe na orodha ya familia zinazopangisha vyumba kwa stara, na wazee watakaosimamia posa kwa mahari mepesi. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) ulikuwa na Suffa, mahali pa kukaa wasio na makazi. Ya kwetu ina minara mirefu, na baada ya Isha hufungwa kwa minyororo.

Enyi wazee wa misikiti, Shetani anazo nyumba za kupangisha katika kila mji, na mgeni humpokea siku ile ile anayoshuka stendi. Nyinyi mtampokea lini?

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa Ansari wa vijana wetu. Wabillahi tawfiq.