Msitupe cherehani tu, tupeni muda na fundi

Wiki ya kwanza sikushona kitambaa hata kimoja. Nilishona gazeti.

Usicheke. Mama fundi aliyenipokea kwenye kibanda chake hapa Nakuru alichomoa uzi kwenye sindano, akachora mistari juu ya ukurasa wa gazeti la jana, akaniambia: "Kijana, fuata huo mstari. Matundu yakinyooka ndiyo tutaongea habari ya uzi." Baada ya mistari zikaja pembe, baada ya pembe ikaja miduara. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, kozi ya kompyuta, kisa karo, nikajiona kama mtoto wa chekechea. Mabeshte nao hawakuniacha. "Msee, umetoka kwa laptopu ukaenda kutoboa magazeti?"

Leo nashona duveti na zinanilipia nyumba. Na nina maoni ambayo pengine hayatawapendeza waheshimiwa wetu.

Unaijua ile siku. Hema zimepigwa uwanjani, spika zinanguruma, na mbele ya meza kuu cherehani mpya zimepangwa mstari kama magari ya harusi. Mheshimiwa anakabidhi, picha zinapigwa, tunaambiwa vijana wamewezeshwa. Kuna kundi moja la vijana ninalolijua lilipata cherehani sita kwa njia hiyo. Mwaka mmoja baadaye nikapita pale. Mbili zilikuwa zimefunikwa kwa shuka kuukuu. Moja ilikuwa imegeuzwa meza ya kuwekea runinga. Mbili zilikuwa zimeuzwa. Ya sita ilikuwa inatumika, na aliyekuwa anaitumia ni dada aliyefundishwa kushona na shangazi yake hata kabla ya hema kupigwa.

Watu wakiona hivyo husema vijana ni wavivu. Mimi nakataa. Wale vijana walipewa chombo, hawakupewa mtu wa kukaa kando yao.

Mtu ambaye hajawahi kukalia mashine ya kiwandani hudhani kazi ni kukanyaga tu. Jaribu uone. Cherehani ya nyanya ya kukanyaga kwa miguu inaenda kwa mwendo wako. Hii ya umeme inaweza kufika mishono 5,000 kwa dakika. Siku ya kwanza niligusa pedali kidogo tu, kitambaa kikatoroka, moyo nao ukataka kukifuata. Mguu lazima ujifunze: vidole vinasukuma mbele, kisigino kinarudisha nyuma mashine isimame. Hakuna video itakayoufundisha mguu wako jambo hilo. Unaufundisha kwa kurudia hadi unachoka.

Halafu sasa uje kwa duveti. Hapa kwetu baridi ya asubuhi si mzaha, na wateja wa kutoka Molo na Mau Narok wanataka kitu kizito. Duveti ina tabaka tatu: kitambaa cha juu, faiba katikati, kitambaa cha chini. Meno ya mashine huvuta tabaka la chini, huku futi ikilibana la juu na kulichelewesha. Ukishona kizembe, unafika mwisho kitambaa cha juu kimebaki na mkunjo, na faiba imekusanyika upande mmoja kama ugali uliokataa kuiva. Duveti yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Mama fundi aliniwekea wembe mezani na kusema neno moja: "Fumua." Nilifumua hadi jioni.

Kesho yake ndipo akanionyesha siri. Bana tabaka zote kwa pini ukianzia katikati ukienda nje. Mshono wa kwanza nao uwe wa katikati, ili kitambaa kinachozidi kipate njia ya kutokea pembeni. Kama uzi unalegea upande wa chini, usikimbilie kulaumu bobini. Angalia kwanza kama uzi wa juu umepita panapofaa. Ni mambo madogo, lakini hayo ndiyo yanayotofautisha duveti ya kuuza na tambara la kufunikia kuku.

Kuna usiku nilikuwa YouTube nikaona mashine ambayo Wamarekani hutumia kwa kazi hii. Ina shingo ndefu ajabu. Kitambaa kinatandazwa kwenye fremu pana kuliko kitanda, kinakazwa kwa roli na kutulia. Kichwa cha mashine ndicho kinachotembea juu ya reli, na mshonaji amekamata vishikio viwili kama vya pikipiki, anachora maua kwa sindano. Bei yake ni ya kununua gari. Asubuhi nikamwonyesha mama fundi nikidhani atashangaa mashine. Akatazama kimya, kisha akasema, "Huyo mama amekaa nayo siku nyingi." Mimi niliona chuma, yeye aliona mikono.

Na kumbe huko maduka mengi hukodisha mashine hiyo kwa saa. Lakini hawakupi uiguse kabla hujapita darasa lao. Kwanza mafunzo, halafu saa za kukodi, na kununua ni baadaye ukitaka. Sisi huku tunaanzia mwisho: tunagawa mashine kwanza, mafunzo tutaona.

Kuna atakayeniuliza: bila mashine yake, kijana atafanyia mazoezi wapi? Swali zuri. Zunguka vibanda vya mafundi mjini, utaona mashine ambazo kuna saa zinakaa bure, hasa msimu wa sare za shule ukishapita. Mafundi wapo, mashine zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia ule muda. Mimi nilimlipa mama fundi kidogokidogo kwa kumfulia faiba, kumfagilia na kumbebea mizigo hadi stendi. Si kila kijana anaweza kuishi miezi mitatu hivyo bila shilingi mfukoni.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Kama bajeti ni ya cherehani kumi, nunueni nne. Pesa zinazobaki zilipe mafundi wa mtaani wachukue wanafunzi wawiliwawili, na mwanafunzi apewe nauli na chakula cha mchana. Mwishowe walipieni vijana mtihani wa ufundi wa NITA, ule unaoanzia Gredi ya Tatu na kupanda hadi ya Kwanza. Mtihani huo hauulizi kama ulimaliza chuo. Unauliza kama unajua kazi. Kwa sisi tulioacha masomo njiani, hilo si jambo dogo. Atakayefaulu ndiye apewe mashine, na atajua pa kuiweka.

Mwaka wa 2021 Nakuru iliingizwa kwenye mtandao wa UNESCO wa miji bunifu, upande wa ufundi na sanaa za jadi. Desemba mwaka huohuo tukawa jiji. Tulifurahi na tukajipiga kifua. Lakini ufundi hauishi kwenye cheti kilichotundikwa ofisini. Unaishi kwenye vibanda vya akina mama kama huyu wangu, na wao wanazeeka. Siku wakifunga milango bila mtu wa kurithi kazi, tutabaki na jina tu.

Na wewe kijana unayesoma hii ukingoja hema lipigwe mtaani kwenu, usingoje. Tafuta fundi, salimia kwa heshima, uliza kama anahitaji msaidizi. Beba gazeti.