Walioachiwa Soko

Mpaka leo Marekani inatafuta mifupa ya vijana wake wa kikosi cha marini waliouawa huko Tarawa, Pasifiki, mwaka 1943. Siwaonei wivu. Lakini kijana yule anatafutika kwa sababu aliandikwa jina.

Na wabebaji wetu wa Vita vya Kwanza vya Dunia je? Mwaka 2021 Waingereza walikiri: wafu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Sisi tukaachiwa Kariokor, ati ukumbusho, tule nyama choma tukisahau kwamba jina hilo ni Carrier Corps.

Serikali yetu inalipia gwaride kila mwaka. Hebu ilipie pia wa kupekua nyaraka na kuuliza wazee. Nataka majina kwanza, mifupa itafuata.