Kilo Iwe Kilo: Miaka 150 ya Mkataba wa Mita

Mkulima wa vitunguu anaposhusha mzigo wake sokoni, ana haki moja ambayo hakuna mnunuzi anayepaswa kuipatania: kilo yake iwe kilo. Haki hiyo ina walinzi. Makao yao yako Sèvres, kando ya Paris, katika jengo liitwalo Pavillon de Breteuil. Ni Ofisi ya Kimataifa ya Uzito na Vipimo, BIPM, iliyozaliwa na Mkataba wa Mita wa tarehe 20 Mei 1875. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 150, nasi tunaipongeza kwa moyo mkunjufu.

Wazee wetu walijua kupima. Vibaba vinne vilifanya pishi. Shibiri mbili zilifanya mkono, na mikono minne ikafanya pima. Vipimo hivyo viliwatosha watu waliojuana. Tabu ilianza mgeni alipoingia sokoni, kwa kuwa pishi ya mji huu haikuwa lazima ilingane na pishi ya mji wa pili, na mikono ya watu haina urefu mmoja. Katika tofauti hiyo ndimo mwenye nguvu alimojilia.

Wafaransa waliyaonja hayo hayo. Mwaka 1789, katika malalamiko yaliyokusanywa kabla ya mapinduzi, wanavijiji walililia kipimo kimoja, maana mabwana wa ardhi walidai nafaka kwa vipimo vyao wenyewe. Ndipo wataalamu wawili, Delambre na Méchain, wakatumwa mwaka 1792 kupima masafa kati ya Dunkerque na Barcelona, ili mita itokane na dunia yenyewe, ambayo si mali ya mfalme yeyote. Kazi hiyo iliwachukua hadi mwaka 1798.

Nchi 17 zilizotia saini mwaka 1875 ziliifanya kazi hiyo kuwa amana ya ulimwengu. Mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ikawa kipande kimoja cha platini na iridi, kilichofunikwa kwa vioo na kufungiwa chumba chenye funguo tatu, zilizoshikwa na watu watatu tofauti. Nakala zake zikagawiwa mataifa. Hapo ikaanza nasaba: jiwe la mizani la sokoni huhakikiwa kwa jiwe la mkaguzi, la mkaguzi kwa lile la maabara ya taifa, na la maabara ya taifa asili yake ilikuwa Sèvres. Kenya ni nchi mwanachama wa Mkataba huo wa Mita tangu mwaka 2010.

Lakini sifa kubwa ya taasisi hii ni kwamba ilikubali kujikosoa. Wataalamu walipolinganisha kilo ile na nakala zake, waliona zimeachana kwa takriban mikrogramu 50 katika muda wa karne moja. Mwuza nyama asingeliona hilo kamwe. Wao hawakulifumbia macho. Novemba 2018, mjini Versailles, mataifa yalipiga kura, na tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo hutegemea namba ya maumbile iitwayo konstanti ya Planck, kama vile mita inavyotegemea kasi ya mwanga tangu mwaka 1983. Sasa maabara yoyote yenye zana na ujuzi inaweza kuipata kilo bila kuomba ufunguo wa mtu. Mlinzi aliyeitoa amana yake ikawa ya wote anastahili heshima.

Nasaba hiyo, hata hivyo, hukatika palipo na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Gunia likishonewa kilemba na kuuzwa kwa bei ya gunia moja, jasho la mkulima limeibwa, hata kama kilo ya dunia haina kasoro. Tanzania inayo sheria inayokataza ufungashaji huo, na wapo Wakala wa Vipimo wa kuisimamia. Wapewe magari, vifaa na watu wa kufika kila gulio, si miji mikubwa tu. Halmashauri ziweke mizani iliyohakikiwa mahali mkulima anapoiona. Naye mnunuzi aitazame stika ya uhakiki kabla ya kutoa fedha yake.

Sèvres imetunza amana kwa miaka 150. Hatua ya mwisho, kutoka lango la soko hadi kwenye ndoano ya mizani, ni wajibu wetu.