Mbwa Huonyesha, Hahukumu

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, huko kusini-magharibi mwa Ufaransa yuko mbwa wa kale wa kuwindia aitwaye Braque français. Ni wa namna mbili: mkubwa wa Gascogne, na mdogo wa Pyrénées ambaye dume lake huwa na kimo cha sentimita 47 hadi 58. Kazi yake ni kutafuta ndege majanini kwa pua. Akiipata harufu harukii wala habweki. Husimama kimya, pua ikielekea alipo ndege, pengine mguu mmoja wa mbele ameuinua. Yanayofuata ni juu ya mwindaji. Yeye ndiye apaswaye kutambua kama ni kware au ni kuku wa jirani, na ndiye atakayelaumiwa bunduki ikilia vibaya.

Sishauri mbwa huyo aletwe Kampala. Nimemtaja kwa sababu adabu yake inatuhusu kila mbwa wa polisi anapoingia Owino.

Soko hilo, lililoanzishwa mwaka 1971 kando ya uwanja wa Nakivubo na ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, lina vichochoro ambamo watu wawili hawapishani bila kugusana. Nguo za mitumba zimepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kutundikwa. Mbwa akifuata harufu ya mwizi na kusimama mbele ya mchukuzi, huenda mchukuzi ndiye mwizi. Huenda pia alibebeshwa mzigo wa mwizi kwa ujira, au amenunua shati ambalo mwizi ameliuza punde hivi. Mbwa hawezi kutueleza ni lipi. Umati nao haungoji maelezo: mmoja akipaza sauti ya “mwizi!”, mawe yameokotwa.

Sheria yetu imelifahamu jambo hili zamani. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdallah bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ushahidi wa mbwa upokelewe kwa hadhari, na kwamba mafunzo na uwezo wa mbwa yathibitishwe kwanza. Ikiwa jaji aliyeketi kwa utulivu hupewa onyo hilo, wauza viazi wenye hasira wamehukumu kwa kipimo gani?

Katika habari ya mabomu tumekuwa wasikivu zaidi. Kampala haijasahau tarehe 11 Julai 2010, siku ambayo uhai wa watu zaidi ya 70 ulikatwa. Mbwa wa kunusa baruti hufundishwa kuketi au kusimama tuli akigundua kitu, kwani kukigusa ni hatari; na hakuna afisa anayekimbilia mfuko ulioonyeshwa na kuupasua. Huuzungushia ulinzi, akamwita mtaalamu. Mtu aliyeonyeshwa hastahili pungufu ya hayo.

Kwa hiyo mwongoza mbwa asiingie sokoni peke yake. Wenzake watazame umati, si mbwa. Mbwa akisimama, mtu yule azungukwe na askari papo hapo, aondolewe hadi kituoni bila pingu kuinuliwa juu kama kombe la mpira, na mwongozaji aandike mara moja: harufu ilichukuliwa wapi, saa ngapi, na mbwa alisimama mbele ya nani. Daftari hilo ndilo wakili atakaloliulizia kwanza.