Ndege ya Mchezo na Ndege ya Kamari

Vijana wa Donholm, Nairobi, huniuliza aanzeje mtu kurusha ndege za mchezo katika simu. Nawajibu: anza na ndege ndogo ya injini moja, mfano wa Cessna 172. Iache ishike kasi kwanza, ndipo uinyanyue pua kidogo kidogo. Ukiivuta kwa pupa, na vijana hawaishi pupa, mabawa hushindwa kuibeba ikaanguka. Kuanguka huko hakukugharimu kitu.

Lakini Aviator, iliyotolewa mwaka 2019, ni jambo jingine. Humo hurushi chochote. Waweka fedha, kindege chapanda, nawe uzitoe kabla hakijatoweka, ukichelewa, zimekwenda. Hiyo ni kamari, na hukumu yake twaijua. Mzazi akiambiwa mwanawe anarusha ndege, aulize ni ipi.